Chumvi kwa Mizani, Pilipili kwa Jicho: Kukipaka Viungo Kidari cha Moshi

Katika miji midogo ya Texas ya kati, Lockhart, Taylor, Luling, watu hupanga foleni tangu asubuhi kusubiri kidari cha ng'ombe kilicholala kwenye moshi usiku kucha. Kilichopakwa juu ya nyama hiyo, mara nyingi, ni chumvi na pilipili manga, basi. Hakuna siri ya babu iliyofungiwa kwenye kasha. Anayekuuzia mchanganyiko wa viungo kumi na vinne kwenye kopo lenye picha ya fuvu la ng'ombe anakuuzia zaidi hilo kopo.

Desturi hiyo ilianzia mabuchani. Wajerumani na Wacheki waliohamia huko katika karne ya 19 walifungua maduka ya nyama, na nyama ambayo haikununuliwa mbichi waliitia moshi isije ikaharibika. Waliiuza ikiwa imefungwa kwenye karatasi ileile ya bucha, na wachuma pamba waliila palepale kwa mikono. Kreuz Market ya Lockhart ilianza mwaka 1900 na kwa miaka mingi ilijulikana kwa kutotoa sosi wala uma. Louie Mueller ya Taylor ilifuata mwaka 1949. Aaron Franklin, ambaye jina lake ndilo linalosikika zaidi siku hizi, alianza kuuza nyama yake Austin mwaka 2009, na yeye pia anashikilia chumvi na pilipili. Ukienda mashariki ya jimbo hilohilo, ambako mkono wa wapishi Wamarekani Weusi ndio uliojenga ladha, utakuta nyama imekatwakatwa na sosi ya nyanya imeshika nafasi. Hapa tunazungumzia ya kati, kwa sababu ndiyo rahisi kuiga, na ndiyo iliyo karibu na nyama choma tunayoijua: nyama, chumvi, moto.

Ila hivyo viungo viwili vina mambo yake. Kabla hujagusa kopo lolote, shika hili: chumvi huingia ndani ya nyama, vingine vyote hubaki juu. Chumvi ikikutana na unyevu wa nyama huyeyuka, ikajipenyeza polepole kati ya nyuzi, na humo hulegeza protini zikashika maji ambayo yangedondokea motoni. Pilipili manga, kitunguu saumu, paprika na jamaa zao hawaiwezi safari hiyo. Sehemu kubwa ya ladha zao huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na nyama isiyo na mafuta ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Hata uziache siku mbili, zitakuwa zimeingia milimita chache tu.

Kwa hiyo chumvi hupimwa kwa kufuata uzito wa nyama yote, maana nyama yote itaionja. Pilipili hupimwa kwa kufuata ukubwa wa uso wa nje, maana hapo ndipo itakapokaa. Wapishi wengi huvichanganya vyote kwenye bakuli moja kwa uwiano mmoja, wanapaka hadi bakuli liishe, halafu wanashangaa kwa nini ncha nyembamba imekuwa chumvi tupu na upande mnene umekuwa dufu. Mimi nakushauri uvitenganishe: chumvi usiku, viungo asubuhi.

Nyama yenyewe

Kidari ni nyama ya kifuani, kati ya miguu ya mbele. Ng'ombe hana mtulinga, kwa hiyo misuli hiyo ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya uzito wake anaposimama na kutembea. Misuli ya kazi namna hiyo imejaa kolajeni, zile tishu zinazofanya nyama ishindane na meno. Ukiichoma haraka kama mbavu, inakuwa kamba. Ukiipa joto dogo kwa saa nyingi, kolajeni hugeuka gelatini na nyama ikalainika. Kipande kizima kina misuli miwili iliyolaliana: mmoja bapa, usio na mafuta mengi, mwingine mnene, wenye mafuta yaliyotapakaa ndani yake. Marekani kipande kizima huwa na kilo 5 hadi 8.

Kwenye mabucha mengi ya Afrika Mashariki kidari hukatwa kwa shoka pamoja na mifupa yake, kikauzwa kama nyama ya mchuzi. Itabidi uagize mapema: "Kaka, nyama ya kesho ikifika niwekee kidari kizima. Nitolee mifupa, lakini usinikatekatie, na mafuta uyaache." Atakutazama mara mbili, kwa kuwa wateja wake hulalamikia mafuta, hawayaombi. Kidari cha ng'ombe wa kienyeji mara nyingi ni kidogo, kilo mbili au tatu, na kikavu kuliko cha Texas. Ukipata cha ng'ombe aliyenoneshwa ranchini, Boran kwa mfano, chukua hicho. Usipopata, cha kienyeji kitafaa, ila kina masharti yake, nayo nitayataja tukifika penye moto.

Nyumbani, chukua kisu chembamba chenye makali na upunguze mafuta ya juu yabaki unene wa nusu sentimita hivi. Kazi hii hufanyika vizuri nyama ikiwa baridi sana, mafuta yamekaza. Mafuta manene hayana faida: chumvi haiyapenyi, na viungo utakavyopaka juu yake vitateleza nayo yakiyeyuka, viangukie kwenye sinia. Ondoa pia vincha vyembamba vinavyoning'inia pembeni, maana vitaungua nusu ya safari. Visage, utapata nyama ya sambusa. Kisha ipime nyama. Iwe baada ya kuipunguza, si kabla, kwani mafuta utakayoyatoa yanaweza kufika kilo nzima na yasingekula chumvi yako.

Chumvi

Kipimo ni gramu 10 hadi 12 za chumvi kwa kila kilo ya nyama. Kidari cha kilo 5 kinataka gramu 50 hadi 60. Mimi hukaa katikati, 55, kwa kuwa mtu akitaka zaidi ataongeza mezani, na aliyezidishiwa hana la kufanya.

Kama una mizani ndogo ya jikoni, mambo yamekwisha, na haijalishi chumvi yako ni laini ya paketi, ya mawe kutoka Gongoni au ya Uvinza. Gramu ni gramu. Kama huna mizani, tumia chumvi laini ya paketi na kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu: kimoja ni karibu gramu 6, basi viwili visivyojaa sana vinatosha kilo moja. Chumvi ya mawe usiipime kwa kijiko kabla hujaiponda.

Nasisitiza uzito kwa sababu mapishi mengi ya Texas yameandikwa kwa vikombe, na humo ndimo watu wa kwetu wanamonasa. Utasoma: nusu kikombe cha chumvi, nusu kikombe cha pilipili manga. Mwandishi anamaanisha chumvi ya kosheri, yenye chembe kubwa, nyepesi, zilizoachana. Kikombe cha ile ya chapa ya Diamond Crystal kina uzito wa karibu nusu ya kikombe cha chumvi yetu laini. Ukifuata maandishi hayo kwa chumvi ya dukani kwa Mangi, utakuwa umepaka karibu mara mbili ya kilichokusudiwa, na hakuna kachumbari duniani itakayokuokoa. Wewe unayeishi Houston au Dallas nawe usijione umesalimika, kwa kuwa chumvi ya kosheri ya Morton ni nzito kuliko ya Diamond Crystal ingawa zimekaa rafu moja.

Jambo jingine ni viungo vya mchuzi vya paketi, na unga wa kitunguu saumu wa madukani. Soma nyuma ya pakiti. Kama chumvi imetajwa mwanzoni mwa orodha, umeshanunua chumvi iliyotiwa rangi. Ama iache, ama punguza chumvi yako ya msingi, na kukisia ni kwa kiasi gani ni bahati nasibu. Nunua kisicho na chumvi.

Nyunyiza chumvi usiku wa kuamkia siku ya moto. Kausha nyama kwanza kwa kitambaa safi au karatasi. Gawa chumvi yako mafungu matatu: mawili yaende upande wa nyama na pembeni, moja upande wa mafuta. Inyunyize ukiwa umeinua mkono, ianguke kama mvua ya rasharasha badala ya kumwagika mahali pamoja. Pale nyama ilipo nene, pitisha mkono mara mbili. Kwenye mkia mwembamba wa ule msuli bapa, mara moja na haraka. Baada ya nusu saa utaona nyama imetoa maji. Usiyafute. Hayo ni maji ya chumvi, na yatarudi ndani yenyewe.

Iweke kwenye friji, juu ya wavu ndani ya sinia, bila kuifunika. Saa 12 zinatosha, 24 ni nzuri zaidi. Asubuhi itakuwa imekauka juu na rangi imekolea, ikinata kidogo ukiigusa. Unanuia hasa huo mnato, kwani ndio utakaoshika viungo na moshi. Kama friji haina nafasi, usiiache nyama mezani usiku kucha eti kwa kuwa imetiwa chumvi. Chumvi ya kiasi hiki haihifadhi nyama, na joto la Mombasa au Dar es Salaam halina subira. Itie chumvi saa moja au mbili kabla ya moto. Haitafika ndani sana, lakini itafaa.

Pilipili manga

Ikiwa kuna mahali pa kutumia pesa katika mapishi haya, ni hapa. Pilipili manga iliyosagwa zamani, ile ya vijipakiti inayonuka vumbi, imeshapoteza mafuta yake ya harufu. Umebaki ukali usio na kitu nyuma yake. Nunua nzima. Tuna bahati: mmea huu, ambao asili yake ni pwani ya Malabar huko India, unaota vizuri Unguja na Pemba, Muheza na Amani, na milima ya Uluguru, ukipanda juu ya miti mingine kama jamaa asiyetaka kulipa kodi. Punje huchumwa mbichi, kisha jua huzikausha hadi zikunjamane na kuwa nyeusi.

Sokoni, chota kiganja kimoja na uombe glasi ya maji. Punje zilizokomaa huzama. Mbegu za papai zilizokaushwa, ambazo wajanja huzichanganya humo kwa kuwa zinafanana sana, huelea pamoja na punje tupu zisizo na kiini. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Kwa kilo 5 za kidari chukua gramu 45 hivi, yaani karibu nusu kikombe ikishapondwa. Isiwe unga. Wapishi wa Texas hununua pilipili iliyochekechwa kwa wavu wenye matundu 16 kwa kila inchi, yaani chembe za ukubwa wa karibu milimita moja. Wewe twanga kwenye kinu kidogo, kidogokidogo, kwa kuponda na si kusaga, mpaka kila punje imevunjika vipande vitano sita. Mashine ya umeme nayo inafaa ukiibonyeza na kuiachia mara chache. Ukiisahau kidogo tu, imekupa poda. Halafu chekecha kwa chujio la chai. Zitakazobaki juu ndizo za nyama. Vumbi lililopita chini lina ukali mtupu, nalo likipakwa kwenye nyama hushikana na mafuta likawa utando mchungu unaozuia moshi. Usilitupe. Litie kwenye chai ya maziwa au kwenye supu ya kesho.

Chembe kubwa zina kazi ambayo wengi hawaifikirii. Zinaipa nyama sura ya mikwaruzo, vilima na mabonde madogo, na humo ndimo moshi, mafuta na juisi iliyokauka hukutana na kujenga ganda jeusi ambalo ndilo fahari ya kidari cha Texas. Pilipili yenyewe nayo hupungua ukali kwa saa zote hizo za joto. Ile uliyoionja asubuhi ukapiga chafya, jioni itakuwa na harufu ya mti na utamu wa mbali. Kwa hiyo usiogope ukiona nyama imekuwa nyeusi kwa pilipili kabla haijaingia motoni.

Vya kuongeza, ukitaka

Ukishapika mara moja kwa hivyo viwili, utajua unachokikosa, na huenda usikose kitu. Lakini kama mkono unawasha, kwa kilo hizo tano unaweza kuongeza kijiko kikubwa kimoja cha unga mkavu wa kitunguu saumu, ambacho ndicho cha kwanza ningekichagua kwa kuwa kinapendana na nyama ya ng'ombe kuliko chochote. Paprika, vijiko vikubwa viwili, hutoa rangi ya kahawia iliyoiva zaidi kuliko ladha. Nusu kijiko cha chai cha pilipili kali ya unga kitatosha, kwani wenye kutaka moto zaidi wana pilipili yao mezani. Jira kidogo, iliyokaangwa kavu na kupondwa, huleta harufu ya upande wa mpaka wa Mexico, na Texas imezoeana nayo. Kahawa je? Wapo Wamarekani wanaoitumia, nasi tunaoishi kwenye nchi za kahawa tuna haki zaidi ya kuijaribu: kijiko kikubwa kimoja cha kahawa iliyosagwa laini, kavu, ambayo haijachemshwa. Hutia weusi na uchungu mdogo unaofanana na ule wa ganda lenyewe. Chagua viwili kati ya hivi, visizidi. Vikiwa vitano, hakuna atakayesikika.

Sukari ninaiacha, na sababu yake si ushabiki wa Texas dhidi ya Kansas City, ambako sukari ndiyo mwenye nyumba. Kwenye jiko la moshi la Kimarekani, lenye kisanduku cha moto pembeni, hewa inayoizunguka nyama haifiki joto la kuunguza sukari. Kwenye pipa letu lililokatwa, makaa yako karibu sana na nyama, na mafuta yakiyafikia moto huruka. Sukari hapo huwa lami. Ukiwa na jiko la namna ile ya kwanza na unapenda utamu, kijiko kikubwa kimoja cha sukari guru iliyokunwa kitatosha.

Bizari ya pilau ina mahali pake, na mahali pake ni sufuriani. Najua kishawishi kilivyo, kwa sababu karafuu na mdalasini ndizo harufu za sikukuu zetu. Lakini karafuu ikikaa saa kumi kwenye moshi mkavu inashika uso wote wa nyama na kuufanya uonje kama dawa ya meno. Watu wa Oman hutia viungo vingi vya namna hiyo kwenye shuwa, nyama ya Idi inayofukiwa shimoni siku nzima au zaidi, na inapendeza sana. Lakini ile hupakwa viungo vya majimaji na kufungwa kabisa kwenye majani, ikaiva kwa mvuke wake. Hiki cha Texas kinakaa uchi mbele ya moshi. Kwa sababu hiyohiyo tangawizi mbichi, kitunguu saumu kibichi na ndimu viache leo. Vinalowesha uso wa nyama ambao umehangaika usiku kucha kuukausha, na vipande vyake huungua.

Kupaka

Toa nyama kwenye friji wakati unawasha moto. Changanya pilipili na ulivyochagua kwenye bakuli kavu, bila chumvi, kwa kuwa chumvi imeshafanya kazi yake. Ikiwa nyama inanata kidoleni, paka hivyo hivyo. Ikiwa imekauka mno, pitisha haradali laini kijiko kimoja au mafuta ya kupikia kidogo sana, utando tu wa kushikia. Haradali haitasikika ukila.

Malizia na upande wa mafuta, maana upande utakaomalizia ndio utakaotazamwa, na nyama huharibika sura ikilaliwa. Anza na upande wa nyama, kisha igeuze mafuta yawe juu, upake pembeni, ambako watu husahau, kisha juu. Nyunyiza kwa mkono mmoja na mwingine ubaki mkavu wa kushika bakuli. Baada ya kunyunyiza, pigapiga kwa kiganja vishike. Usisugue! Kusugua hukusanya viungo mabonge, na pilipili ikajaa mahali pamoja. Utajua umefika pale unapoona nyama kupitia viungo, lakini kwa shida: wekundu unachungulia hapa na pale, kama changarawe kwenye njia iliyopitiwa na mvua. Kama huoni wekundu kabisa, umezidisha, itikise. Vitakavyobaki kwenye bakuli si lazima viishe.

Iache dakika 30 au 40. Viungo vitalowa na kukoza rangi. Hapo iko tayari.

Moto, kwa ufupi

Moshi una vitabu vyake, mimi nitasema yale tu yanayogusa viungo ulivyopaka. Joto la ndani ya jiko liwe kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi. Ukisoma mapishi ya Marekani utakuta 225 hadi 275, hizo ni za Farenhaiti na ni joto lilelile. Kidari cha kilo 5 kitachukua saa 10 hadi 12, pengine zaidi. Makaa yawekwe upande mmoja wa pipa na nyama upande mwingine, na bakuli la maji kati yake likipatikana nafasi.

Texas ya kati wanachoma mwaloni. Huku, kuni kavu za mgunga, mpera au mchungwa hutoa moshi mzuri. Msonobari, mbao zilizopakwa rangi au dawa, na mapaleti ya bandarini usiyaguse. Wenzangu wa Baringo wanao mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka Amerika na kupandwa huko miaka ya 1980, ukageuka balaa kwa wafugaji. Huo ni ndugu wa mesquite, ambao watu wa magharibi ya Texas huchomea nyama yao. Moshi wake mbichi ni mkali na hushinda pilipili. Uchome kando kwanza hadi uwe makaa mekundu, ndipo uyapeleke ndani ya pipa.

Kwa saa tatu za mwanzo usifungue kifuniko, wala usinyunyize maji, kwa kuwa viungo bado havijashika na vitaoshwa. Baada ya hapo, sehemu zinazoonekana kukauka mno zinyunyizie maji kidogo. Nyama ikifika nyuzi 65 hadi 75 ndani, joto lake litakwama, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Haijaharibika kitu: maji yanayotoka juu ya nyama yanaipoza kwa kasi ileile ambayo moto unaipasha, kama jasho. Huu ndio wakati wa kuifunga kwa karatasi ya kahawia isiyo na nta, lakini kwanza kagua ganda. Kwaruza kwa ukucha. Likibanduka, rudisha kifuniko na usubiri. Kilichofungwa mapema hulowa, na kazi yote ya pilipili hugeuka uji. Likishikilia, funga. Cha ng'ombe wa kienyeji kifunge mapema kidogo, mara tu ganda linaposhika, na uweke ndani ya karatasi vijiko vichache vya mafuta ya ng'ombe uliyoyayeyusha kutokana na yale uliyoyapunguza. Na kwa kuwa ni kidogo, anza kukipima baada ya saa tano.

Kimeiva pale kijiti cha mshikaki kinapozama bila kupingwa kwenye ule msuli bapa, mara nyingi kwenye nyuzi 93 hadi 96. Kipumzishe ndani ya karatasi yake saa moja au mbili. Kata kwa kukatisha nyuzi, na ujue nyuzi za misuli ile miwili haziendi upande mmoja, kwa hiyo ukifika penye unene geuza nyama. Utepe wa waridi utakaouona chini ya ganda hutokana na gesi za moto zinapokutana na rangi ya nyama. Wageni watausifia sana. Hauna ladha yoyote.

Mchanganyiko wa pilipili uliobaki na ambao haukuguswa na mkono uliogusa nyama mbichi uweke kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na jiko na jua, na uutumie ndani ya mwezi mmoja au miwili. Kwa vile hauna chumvi, unafaa kwa nyama ya ukubwa wowote: bega la mbuzi, mbavu, hata kuku, kila mmoja akipimiwa chumvi yake kwa uzito wake. Mbuzi mpunguzie pilipili kwa theluthi, na kuku kwa nusu, kwa sababu wote wawili huiva mapema na pilipili haipati muda wa kupoa ukali. Ule uliobaki kwenye bakuli la kupakia, utupe.